Muulize Fundi wa Viungo: Bega Linalorekebishika, Nani Analirekebisha?

Toleo lililopita niliandika kuhusu nyonga nikijua nitaletewa maswali ya nyonga. Nimefungua bahasha, karibu zote zina bega ndani. Sina malalamiko. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi si daktari. Miaka ishirini na minane nilikaa kati ya meza ya kuchora na mashine ya kukereza nikitengeneza viungo bandia, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ilikuwa mabega matupu. Daktari ndiye anayeviweka; mimi ni yule aliyekesha akibishana na wenzake kuhusu milimita moja. Na sasa nina kimoja mwilini, bega la kulia, hivyo naandika barua hizi kwa mkono ambao nusu yake ni wangu na nusu ni wa kiwandani.

Nitapewa ufunguo?

*Shikamoo Mzee. Nina miaka 61. Gegedu la bega langu la kushoto limekwisha, mfupa unasaga mfupa, usiku silali. Daktari amesema ataniwekea kiungo "kinachorekebishika". Niliona aibu kumuuliza: je, kikilegea nitakuwa nakikaza mwenyewe? Nitapewa ufunguo? – Bega la Kushoto*

Marahaba, ndugu yangu. Hutapewa ufunguo, wala spana, wala rimoti. Na aibu uiache, swali hilo nimelisikia kwa watu waliosoma kuliko mimi. Neno "kinachorekebishika" linamhusu daktari. Kiungo kinarekebishwa mezani, kidonda kikiwa wazi, kwa dakika chache tu. Kisha kinafungwa, na tunaomba kisiguswe tena maisha yako yote.

Kwa nini kirekebishwe? Chukua mpira wa tenisi uuweke juu ya kisahani. Hilo ndilo bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kibakuli kilichoko kwenye kombe la bega ni kidogo na kina chake ni kifupi. Wakati wowote ule ni robo hadi theluthi tu ya kichwa inayokalia kibakuli. Kinachozuia mpira usiporomoke ni nyama: kano nne zinazokikumbatia kichwa, mbele, juu na nyuma, pamoja na msuli mkubwa wa deltoidi uliovishwa juu yake kama kofia. Nyonga imezama shimoni, inasamehe mengi. Bega halisamehi.

Sasa, mifupa ya watu haifanani. Mwaka 1997 madaktari wawili wa Ufaransa, Pascal Boileau na Gilles Walch, walichapisha vipimo vya mifupa 65 ya mkono. Mwinamo wa kichwa juu ya shina ulikuwa kati ya nyuzi 123 na 136. Kugeuka kwake kuelekea nyuma kulikuwa wastani wa nyuzi 18 hivi, lakini palikuwa na mifupa iliyotazama mbele kidogo na mingine iliyogeuka nyuma kupita nyuzi 45. Tena kichwa hakikai katikati ya shina. Kimesogea upande wa ndani karibu milimita 7, na nyuma milimita 2 au 3. Viungo vya zamani vilikuwa chuma kimoja, shina na kichwa vimeungana moja kwa moja, mwinamo mmoja kwa watu wote. Mfupa ndio uliolazimishwa kukifuata chuma. Vipimo vile vilituvua nguo sisi mafundi.

Kwa hiyo kiungo chako kitakuja vipande vipande. Shina, au kipande kifupi kisicho na shina kinachokaa kwenye mfupa wa juu tu. Vichwa vya ukubwa mbalimbali, vinavyozidiana unene kwa milimita chache. Na kile ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: kichwa ambacho tundu lake la chini halikutobolewa katikati. Ukikizungusha, kinasogea huku na huku, kama kifuniko cha sufuria ambacho kishikio chake kimewekwa pembeni. Kingo zake zina alama kama za saa. Daktari anasema "saa nne", nesi anaandika, basi.

Nimesimama pembeni mwa vyumba vya upasuaji mara nyingi, barakoa usoni, mikono nimeikunja kifuani nisiguse kitu. Daktari anapita kati ya deltoidi na msuli wa kifua, anaiachia kano ya mbele, halafu anauzungusha mkono kwenda nje mpaka kichwa cha mfupa kinatokeza kama goti la mtoto kwenye suruali iliyochanika. Anakikata kwa msumeno. Kipande kile hakitupwi. Kinawekwa juu ya kitambaa, kinapimwa upana na unene, kwa sababu hakuna rula nzuri kuliko kichwa cha mwenye bega mwenyewe. Kisha vichwa vya majaribio. Anavalisha kimoja, anapitisha ncha ya kidole kuzunguka ukingo wote akitafuta mahali chuma kinaponing'inia nje ya mfupa. Kikining'inia nyuma, anazungusha: saa nne, saa tano. Kilele cha kichwa kinatakiwa kipite kinundu cha mfupa kilicho kando yake kwa milimita 5 hadi 8. Mwisho anaweka dole gumba mbele ya kichwa na kukisukuma nyuma. Kinatakiwa kiteleze karibu nusu ya upana wake, kisha akiachia kirudi chenyewe. Kisiporudi, kimelegea. Kisipotoka kabisa, kimebana.

Kubana ndiko ninakokuogopa zaidi. Bega lililojazwa kupita kiasi ni kama shati lililobana kwapani: unaweza kulivaa, lakini kila ukiinua mkono kuna mshono unaolia. Mshono wenyewe ni kano zako. Zitavumilia mwaka, miwili, mitano, halafu zichanike, na hapo kiungo kizuri kabisa kinakosa wa kukishika.

Ukirudi kwa daktari, muulize mawili. Anafanya mabega mangapi kwa mwaka? Na atapanga kazi kwa picha za CT kabla ya siku yenyewe? Kibakuli chako huenda kimeliwa upande wa nyuma, na hilo picha ya eksirei ya kawaida haiwezi kulionyesha sawasawa.

Nani alianza?

*Habari za kazi, Mzee. Nasoma uhandisi wa mitambo. Mwalimu alituambia bega bandia ni kitu cha juzi juzi. Ni kweli? – Mwanafunzi*

Mwalimu wako amekosea kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1893, mjini Paris, daktari Jules-Émile Péan alimwekea bega bandia mwoka mikate wa miaka 37 ambaye kifua kikuu kilikuwa kimekula mfupa wake. Shauri la kwanza lilikuwa kuukata mkono. Mgonjwa akakataa katakata. Kiungo chenyewe alikitengeneza daktari wa meno, Michaels: mrija wa platini kwa shina, na mpira wa raba iliyochemshwa kwenye parafini ili iwe ngumu. Kilikaa kama miaka miwili, kisha usaha ukalazimisha kitolewe. Miaka miwili! Kwa raba! Mimi kila nikiisoma habari hiyo namvulia kofia yule mwoka mikate kabla ya daktari.

Baada ya hapo kimya kirefu, hadi Charles Neer wa New York alipoandika mwaka 1955 kuhusu vichwa vya chuma alivyowawekea watu waliovunjika bega vibaya. Miaka ya 1970 akaongeza kibakuli cha plastiki. Vichwa vya kubadilishwa vilikuja baadaye, na vya kuzungushwa miaka ya 1990. Ukitaka mada ya mradi wa mwisho, soma barua ya nne hapa chini.

Picha imechapwa kinyumenyume?

*Mzee wetu, shikamoo. Mama yetu ana miaka 78, kano za bega zimekatika zamani, hawezi kuinua mkono hata kuchana nywele. Tumeonyeshwa picha ya kiungo atakachowekewa: mpira umefungwa kwenye kombe la bega, bakuli liko juu ya mkono. Kaka anasema picha imegeuzwa. Tumwambie daktari? – Kitinda Mimba*

Marahaba binti yangu. Mpongeze kaka kwa macho mazuri, lakini mwambie picha iko sawa. Hilo ni bega la kinyume, na ndilo nililo nalo mimi.

Kano zikiisha, msuli pekee uliobaki wa kuinua mkono ni deltoidi. Bahati mbaya deltoidi peke yake haiinui mkono. Inauvuta kwenda juu, kichwa kinateleza kisahanini na kugonga paa la bega, mkono unabaki ulipo. Ni kama kujaribu kufungua mlango kwa kusukuma karibu na bawaba. Paul Grammont, daktari wa Dijon, Ufaransa, alianza kuwawekea watu kiungo chake mwaka 1985, na wazo lake lilikuwa la fundi hasa. Mpira uhamie kwenye kombe, bakuli liende mkononi, na egemeo la mzunguko lishuke chini na kuingia ndani zaidi. Wenzo wa deltoidi ukawa mrefu. Msuli uleule, nguvu zilezile, sasa mkono unapanda. Nilipouona mchoro wake kwa mara ya kwanza nilikasirika, kama unavyokasirika mtu anapokuonyesha funguo zako zilizokuwa mfukoni mwako.

Hapa pia kuna kurekebisha. Mpira una saizi zake, plastiki ya bakuli ina unene tofauti, na kuna vipande vya kuinulia. Mwinamo wa shina nao umebadilika. Grammont alitumia nyuzi 155, siku hizi wengi wanakwenda 145 au 135, maana ule wa mwanzo ulifanya bakuli liukwangue mfupa wa kombe kwa chini kila mkono unaposhuka. Daktari akilegeza mno, kiungo kinachomoka. Akikaza mno, neva zinavutwa, na ule mfupa wa paa la bega unaweza kupasuka kwa kuchoshwa. Msishangae mkono wa mama ukiwa mrefu kidogo kuliko wa pili, kama sentimita mbili hivi. Ni sehemu ya mpango.

Kabla ya yote daktari ahakikishe deltoidi iko hai. Neva yake inapita chini ya kiungo chenyewe, karibu sana. Neva ikifa, bega la kinyume ni pambo.

Ya nyumbani sasa, ambayo hamkuuliza. Kombeo la mkono, wiki nne hadi sita. Wiki za mwanzo asiinuke kitini kwa kusukuma na mkono ule, na asiupeleke nyuma ya mgongo, kama mtu anayechomekea nguo kwa nyuma. Hapo ndipo kiungo hiki kinapochomoka. Hii ina maana chooni atatumia mkono mwingine, basi aanze mazoezi mapema. Mimi sikuambiwa, nikajifunza kwa taabu. Usiku wa kwanza nilishtuka pumzi ilipokuwa fupi. Kumbe ganzi waliyochoma shingoni ili kulaza bega ilikuwa imelaza na upande mmoja wa kiwambo cha kupumulia. Asubuhi kikaamka. Nililala nimeegemea mito nusu kukaa kwa zaidi ya mwezi, mke wangu akiipanga kila jioni kama anayejenga ukuta, na kila saa nane za usiku ukuta ulianguka.

Kwa nini msifanye kila kitu kizunguke?

*Fundi, heshima yako. Mimi nakereza vipuri vya pampu. Nimesoma kuhusu mabega ya vipande na sielewi woga wenu. Weka kiungio cha mpira kati ya shina na kichwa, kizunguke pande zote, ukipata pembe unakaza skrubu moja, kazi imekwisha. Mbona mnahangaika na vichwa ishirini sandukuni? – Mkerezaji*

Fundi mwenzangu, karibu. Barua yako ningeweza kuiandika mimi nilipokuwa na umri wako. Kwa kweli niliiandika, ila kwa chuma.

Nilichora hicho hicho. Kitufe cha duara juu ya shina, ndani ya kichwa kuna pete iliyopasuliwa, na skrubu ikikazwa pete inabana kitufe. Kilikuwa kitamu mkononi. Unakipinda, unakigeuza, unakaza, kimesimama. Bosi alikizungusha kwenye mkutano mzima wa asubuhi. Tukakipeleka kwenye mashine ya majaribio, ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, mzigo ukipanda na kushuka. Kumbuka mzigo wenyewe: ukiinua mkono mtupu ukawa sambamba na sakafu, nguvu inayobana kiungo inakaribia uzito wa mwili wako mzima. Mkono mtupu!

Usiku wa pili mlinzi akanipigia simu nyumbani. Akasema, "Mashine yako inagonga kama mtu aliye ndani anataka kutoka." Nilipofika, maji yaliyokuwa meupe yalikuwa ya kijivu. Nikazima, nikafungua. Skrubu haikuwa imekatika. Ilikuwa imekaza vilevile nilivyoiacha. Lakini pete na kitufe vilikuwa vikisuguana kwa mwendo ambao jicho halioni, sehemu ndogo ya milimita, mara elfu kwa elfu, na kila msuguano ulikuwa umechubua lile tando linaloikinga aloi, yaani chuma cha mchanganyiko, isipate kutu. Nikapitisha kidole, kikatoka na masizi. Nilikaa sakafuni pale nikayatazama masizi kidoleni mwangu, nikafikiria yakiingia kwenye nyama ya mtu.

Pampu yako ikitoa masizi unabadilisha mafuta. Mwili haubadilishi mafuta. Unga ule, uwe wa chuma au wa plastiki, askari wa mwili wanaushambulia, wanashindwa kuumeza, na katika vita hivyo mfupa wa jirani unaliwa. Kiungo kinalegea bila yeyote kukigusa.

Ndiyo maana kila mara tunarudi kwenye pia, yaani lile umbo la koni lililochongwa kwa mwinuko mdogo sana: dume kwenye shina, jike kwenye kichwa, unapiga nyundo, vinang'ang'aniana kwa msuguano tu. Hakuna cha kulegea kwa sababu hakuna uzi wa skrubu. Hata hivyo nayo ina masharti. Tone la damu au mafuta likibaki kati, inashika vibaya, kwa hiyo nesi anaifuta mpaka iwe kavu kabisa kabla ya nyundo. Wewe umewahi kuvalisha keekee yenye grisi kwenye mashine, unajua inavyochomoka. Na kila pia unayoongeza ni mahali pengine pa kusuguana. Kiungo chenye pia mbili kinarekebishika kuliko chenye moja, na kina sehemu mbili za kuniamsha usiku.

Nikiulizwa leo, nitasema hivi: acha daktari achague ukubwa, unene na saa. Mwinamo aupate kwa msumeno, kwa kukata mfupa palipo sahihi, au kwa kuchagua shina. Vitufe vya kuzunguka pande zote vipo sokoni, vingine vimefungwa kwa ustadi kuliko changu, na wapo madaktari wanaoviapia, hasa mfupa ukiwa umepinda kwa ajali ya zamani. Siwabishii. Ila mimi, bega langu lilipofika zamu yake, niliomba lenye vipande vichache.

Kuna kurekebisha kwa aina nyingine ambako naona kuna faida kubwa zaidi na hakuzungumzwi vya kutosha: shina linaloweza kubadilishwa kazi. Mtu anawekewa bega la kawaida akiwa na miaka 60. Akifika 72 kano zimekatika, anahitaji la kinyume. Zamani ilibidi shina ling'olewe, na shina lililoshikana na mfupa likitoka linaweza kutoka na mfupa. Sasa yapo mashina yanayobaki palepale, unatoa kichwa juu yake na kuweka bakuli. Kama urefu ulipangwa vizuri mara ya kwanza, lakini. Shina likikaa juu mno, bakuli halipati nafasi, na tunarudi kulekule kwenye msumeno.

Na majaribio? Kibakuli cha plastiki hujaribiwa kwa kubembezwa huku na huku mara 100,000. Namba hiyo haikutoka hewani. Piga hesabu ya kazi nzito 25 kwa siku kwa miaka kumi, unaikaribia. Kibakuli kinaharibika namna gani? Si kwa kupasuka. Kichwa kikikaa pembeni ya bakuli, upande ule unabonyea na wa pili unanyanyuka, kama meza yenye mguu mmoja mfupi, mpaka saruji ya mifupa inaachia. Nilete mchoro wako, nitautazama. Kwa wino, tafadhali.

Uwanja wa ndege

*Je, bega langu litapiga kelele kwenye mashine ya ukaguzi? – Msafiri*

Huenda likapiga. La kwangu limepiga mara mbili na kunyamaza mara tatu, bega lilelile. Waambie kabla hujapita.

Miaka minne kimya, sasa linauma

*Mzee, bega langu la bandia lilikuwa zuri miaka minne. Sasa limekakamaa na linauma polepole, hata nikipumzika. Sina homa, ngozi haijawa nyekundu, damu wamepima wakasema safi. Wananiambia ni uzee. – Mvumilivu*

Pole sana. Uzee husingiziwa mengi. Rudi kwa daktari aliyekupasua, au mwingine wa mabega, na usichelewe.

Kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes, mkaaji wa kawaida wa vinyweleo na tezi za mafuta za ngozi, na begani anapapenda mno, kwa wanaume hasa. Huyu ni mwizi mpole. Hachemshi mwili, haleti usaha, vipimo vya damu vinaweza kutoka safi kabisa. Anakaa juu ya chuma akijifunika utando wake, na dalili yake mara nyingi ni hiyo hiyo uliyoandika: kukakamaa na maumivu. Hata maabara anawachenga, kwa sababu anakua taratibu. Sampuli ikitupwa siku ya tano itaandikwa "hakuna kitu". Inatakiwa ikae hadi siku 14. Basi ikifika zamu ya kuchukua sampuli, uliza itakaa siku ngapi, na usimeze antibayotiki za kuazima kabla ya hapo, zitamficha tu.

Inawezekana pia isiwe yeye. Kibakuli kinaweza kuwa kimelegea, au kano imechanika. Picha zitasema. Mazoezi ya kulazimisha yasimamishe kwanza.

Cha mtoto

*Shikamoo Babu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Ana uvimbe wa saratani juu ya mfupa wa mkono, dawa zimeanza, na baadaye watakata mfupa na kuweka chuma. Daktari ametaja chuma kinachorefuka. Kwenye kurasa zako umewahi kusema viungo havirekebishwi baada ya kufungwa. Sasa nimsadiki nani? – Mama wa Mmoja*

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari hiyo. Mwamini daktari wako. Mimi nilikuwa nasema habari za watu wazima.

Mfupa wa mkono wa juu unakua kwa miisho miwili, lakini kama asilimia 80 ya urefu wake inatoka mwisho wa begani, palepale watakapokata. Kwa mtoto wa miaka 9 huo ni urefu mwingi uliokuwa bado haujaja. Vyuma vya mwanzo vya watoto vilirefushwa kwa kupasua tena kidogo na kuzungusha skrubu. Mtoto alirudi mezani kila mara. Vipo sasa vyenye sumaku na gia ndani yake. Mkono unaingizwa ndani ya pete kubwa yenye koili, uga wa sumaku unazunguka, sumaku ya ndani inaufuata, gia zinapunguza mwendo mpaka unakuwa wa chungu, na chuma kinarefuka milimita kwa milimita. Hakuna kisu. Hakuna nusukaputi.

Havifai kwa kila mtoto, na mkononi vinatumika kwa nadra kuliko mguuni. Mguu ukipungua sentimita tatu mtoto anachechemea. Mkono ukipungua hivyo anaweza asijali kabisa. Muulize daktari anatarajia tofauti ya sentimita ngapi mwanao akimaliza kukua, na kama chuma kile kitaruhusu kipimo cha MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku kubwa, baadaye, maana sumaku ya ndani na MRI hazipatani. Muulize pia bega litashikwa na nini baada ya kukata, kwa sababu kano zikiondoka na uvimbe, mkono utafanya kazi nzuri kiwikoni na vidoleni lakini hautapanda sana juu.

Mzazi mmoja niliyemfahamu kazini alikuwa anakuja kila miadi na shati lilelile la mikono mirefu. Mtoto analivaa, baba anatia alama ya kalamu mahali mkono wa shati unapoishia juu ya kifundo, kulia na kushoto, na tarehe pembeni. Daktari alikuwa na mashine za kupimia zenye bei kubwa, lakini kila mara aliomba kwanza lile shati.